Uongozi wa Kampuni ya Dawa Hupimwa kwa Maamuzi Yake

Katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba hakuna mtu mzima asiyeyajua matende na mabusha. Ni maradhi yasiyoua upesi, lakini humwondolea mtu nguvu za kazi, humtia haya mbele ya wenziwe na humfanya awe mzigo kwa jamaa zake. Kwa hiyo, mwaka 2001, ilipoanzwa kazi ya kuwagawia wananchi wa visiwa vyote viwili vidonge vya kuyazuia maradhi hayo, bila ya malipo, jambo hilo lilikuwa kubwa, na wataalamu wa nje wakalitaja kuwa ni mfano wa kuigwa.

Vidonge vyenyewe vilikuwa vya namna mbili. Kimoja ni albendazoli, dawa ya minyoo inayojulikana na kila mzazi, iliyotolewa na kampuni ya Uingereza ya SmithKline Beecham, ambayo sasa inaitwa GSK. Cha pili ni ivermektini, iliyotolewa na kampuni ya Marekani ya Merck, ambayo nje ya nchi yake hujulikana kwa jina la MSD. Makala haya yanahusu hicho cha pili, na hasa watu waliokuwa wakiiongoza kampuni iliyokitengeneza.

Sababu ya kulizungumza jambo hili ni kwamba maofisa wetu hukaa meza moja na wajumbe wa makampuni ya dawa mara kwa mara: kununua, kupokea msaada, au kujadili majaribio ya dawa mpya. Katika mikutano hiyo huletewa karatasi nzuri zenye majina ya wakubwa wa kampuni, picha zao, shahada zao na vyeo vyao. Karatasi hizo zina faida yake, lakini haziwezi kumwambia mtu lile lililo muhimu zaidi. Shahada huonyesha mtu alisoma nini; haionyeshi atafanya nini siku faida na afya za watu zitakapovutana. Hilo hujulikana kwa kuyatazama maamuzi, na Merck ni kampuni iliyofanya maamuzi ya kusifiwa na ya kulaumiwa, yote yakiwa wazi mbele ya dunia.

WAKUBWA WA KAMPUNI NI AKINA NANI

Kampuni ya utafiti wa dawa si duka. Duka hununua bidhaa iliyokwisha kutengenezwa, likaiuza. Kampuni ya utafiti hutumia fedha leo kutafuta kitu ambacho huenda kisipatikane kabisa, na hata kikipatikana huchukua miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kutumiwa na watu. Kwa ajili hiyo uongozi wake una pande mbili zisizokuwa na budi kukaa pamoja. Upande mmoja wamo Mkurugenzi Mkuu, wasimamizi wa fedha, wauzaji na wanasheria, ambao wenye hisa huwadai faida. Upande wa pili yumo mkuu wa utafiti pamoja na wanasayansi wake, ambao hudaiwa na ukweli wa maabara. Siku pande hizo zinapokubaliana, kazi huwa nyepesi. Uongozi hutambulikana siku zinapotofautiana.

Katika Merck ya miaka ya 1970 na 1980 pande hizo mbili zilikutana katika mtu mmoja. Roy Vagelos alizaliwa mwaka 1929 katika jimbo la New Jersey, mtoto wa watu wenye asili ya Ugiriki. Wazee wake walikuwa na mkahawa mdogo katika mji wa Rahway, karibu na maabara za Merck, na kijana huyo akakua akiwasikia watu wa maabara waliokuja kula wakizungumza habari za kazi zao. Akasomea udaktari, akawa mtafiti katika taasisi za afya za serikali ya Marekani, kisha akaongoza idara ya baiokemia katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis. Mwaka 1975 alijiunga na Merck kuongoza utafiti, na mwaka 1985 akawa Mkurugenzi Mkuu, cheo alichokishika hadi mwaka 1994.

Haifai kudhani kwamba mwenendo wa kampuni hiyo ulianzia kwake. Mwaka 1950 George W. Merck, aliyekuwa mkuu wa kampuni kwa wakati huo, aliwaambia matabibu katika jimbo la Virginia kwamba dawa ni kwa ajili ya watu, wala si kwa ajili ya faida, na kwamba faida hufuata yenyewe pale watu wanapotangulizwa. Maneno kama hayo ni mepesi kusemwa. Waliomfuata ndio waliolazimika kuyatia katika mizani.

UDONGO KUTOKA JAPANI

Mnamo mwaka 1973 Merck iliingia katika mapatano na Taasisi ya Kitasato ya Tokyo. Mapatano hayo yalitokana na kujuana kwa watu wawili: Satoshi Ōmura, mwanakemia wa Kijapani, na Max Tishler, aliyekuwa mkuu wa utafiti wa Merck kabla ya kwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, ambako Ōmura alikuwa mgeni wake. Kazi ya Ōmura ilikuwa kukusanya udongo, kuotesha vijidudu vilivyomo, na kuchagua vile vilivyoonekana kuwa na tabia ngeni. Alivyovichagua vilipelekwa Rahway. Miongoni mwao, mwaka 1974, kilikuwamo kimoja kilichotokana na udongo uliochotwa karibu na uwanja wa gofu huko Kawana, katika mji wa Ito.

Huko Rahway alikuwako William Campbell, mzaliwa wa Ireland na mtaalamu wa vimelea, aliyejiunga na Merck mwaka 1957. Kikundi chake kiliwapa panya wenye minyoo kile kilichotokana na kijidudu cha Kawana, na minyoo ikatoweka. Wanakemia wakaitenga dawa iliyokuwamo, wakaibadili kidogo ili iwe salama na yenye nguvu zaidi, na hivyo ndivyo ivermektini ilivyopatikana. Ilianza kuuzwa mwaka 1981 kwa ajili ya mifugo, na baada ya muda mfupi ikawa dawa ya mifugo iliyouzwa kuliko nyingine yoyote duniani.

Mpaka hapo hiyo ni biashara njema, basi. Lakini kabla ya dawa kufika sokoni, ilikuwa imekwisha kuonekana kwamba inaua vimelea fulani vya farasi, ambavyo ni jamaa wa karibu wa vile vinavyompofusha binadamu katika ugonjwa ambao huko Tanzania Bara huitwa usubi, kwa jina la mdudu anayeueneza kandokando ya mito yenye maji ya kasi. Mwaka 1978 Campbell alimshauri Vagelos, aliyekuwa bado mkuu wa utafiti, kwamba dawa hiyo ijaribiwe kwa watu.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa hapa. Wenye usubi walikuwa wanavijiji maskini wa Afrika, wa Yemen na wa sehemu za Amerika ya Kati na ya Kusini, ambao wasingeweza kununua dawa hiyo kwa bei yoyote ya kuleta faida. Aidha, kama dawa ingewadhuru watu katika majaribio, jina baya lingeweza kuiharibu biashara yote ya mifugo iliyokuwa ikitarajiwa. Hesabu ilisema waache. Vagelos akaruhusu majaribio yafanywe.

DOKTA AZIZ NA MAJARIBIO YA DAKAR

Aliyeibeba kazi hiyo alikuwa Dokta Mohammed Aziz, mzaliwa wa nchi ambayo sasa ni Bangladesh. Kabla ya kujiunga na Merck, Aziz alikuwa amefanya kazi Sierra Leone, na huko aliwaona wenye usubi kwa macho yake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo ndani ya kampuni ni hazina. Mikutanoni, wengine walipoyasikia maneno “wagonjwa wa Afrika” waliona tarakimu. Aziz aliona watu aliowahi kuwatibu.

Mwezi wa Februari 1981, akishirikiana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dakar, nchini Senegal, Aziz aliwapa wagonjwa wachache kipimo kidogo sana cha ivermektini. Alianza chini kabisa, akapanda hatua kwa hatua, huku vipande vidogo vya ngozi vikikatwa na kutazamwa kwa hadubini kabla na baada ya dawa. Matokeo yalikuwa dhahiri. Kwa kipimo kimoja tu watoto wa minyoo walipungua mno katika ngozi, na wagonjwa hawakupata yale madhara makali ya macho na mwasho uliokuwa ukiletwa na dawa ya zamani.

Si wataalamu wote waliokubali mara moja. Walikuwapo waliosema kwamba dawa hiyo haimuui mnyoo mzima, bali watoto wake tu, na kwa hiyo haiponyeshi. Hoja yao ilikuwa na ukweli ndani yake. Merck haikuipuuza, ilifanya majaribio mengine katika nchi za Afrika Magharibi, zikiwemo Ghana na Liberia, kwa watu wengi zaidi na kwa miaka kadhaa, mpaka mwaka 1987 Ufaransa ikaidhinisha dawa hiyo itumiwe na binadamu.

MNUNUZI HAKUPATIKANA

Yafaa tuseme wazi jambo ambalo wasimuliaji wengi wa habari hii huliruka. Kampuni haikuanza na nia ya kutoa bure. Wakubwa wake kwanza walitafuta mnunuzi. Walizungumza na mashirika ya kimataifa na serikali ya nchi yao wenyewe, wakitaraji kwamba mmoja wao atakubali kulipia dawa kwa niaba ya wanavijiji. Hakuna aliyekubali. Na ndani ya kampuni palikuwa na hofu nyingine: kwamba dawa ikitolewa bure, makampuni mengine yataogopa kufanya utafiti wa maradhi ya nchi za joto, yakijua kwamba mwisho wake ni kudaiwa sadaka. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi.

Tarehe 21 Oktoba 1987, mjini Washington, Vagelos alitangaza kwamba Merck itatoa dawa hiyo, kwa jina la Mectizan, kwa ajili ya wote wenye kuhitaji tiba ya usubi, kwa kadiri itakavyohitajika na kwa muda wote itakapohitajika. Dokta Aziz aliwahi kuisikia habari hiyo. Alifariki dunia mwezi uliofuata.

Maofisa wetu wautazame muundo wa uamuzi ule kwa makini, kwani thamani yake imo katika masharti. Kwanza, haukuwekewa mwisho. Mnyoo mzima wa usubi huweza kuishi mwilini miaka 10 hadi 15, na kwa kuwa dawa huua watoto tu, hapana budi itolewe mwaka baada ya mwaka mpaka wazee wafe kwa uzee. Msaada wa miaka mitatu, hata ungekuwa mkubwa namna gani, ungekuwa kazi bure. Pili, haukuwekewa kiasi. Tatu, kampuni haikujiachia yenyewe mamlaka ya kuchagua nani apewe na nani anyimwe. Iliunda kamati ya wataalamu huru, makao yake mjini Atlanta, na mwenyekiti wake akawa Dokta William Foege, mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele katika kuufuta ugonjwa wa ndui duniani. Maombi ya nchi yalipelekwa kwa kamati hiyo, yakapimwa kwa hoja za kitabibu.

Mwaka 1998 ahadi ilipanuliwa ili iingize matende katika nchi za Afrika ambazo zina maradhi yote mawili, pamoja na Yemen. Tanzania ikawamo, kwa kuwa usubi uko Bara katika sehemu kama Mahenge na Tukuyu. Kwa njia hiyo dawa iliyoanza kwa ng'ombe na farasi, ikajaribiwa kwa watu wa mitoni, ikatufikia sisi wa Visiwani ambao hatuna hata mto mmoja wa usubi.

Matunda yake yameonekana. Colombia ilithibitishwa kuutokomeza usubi mwaka 2013, Ecuador mwaka 2014, Mexico mwaka 2015, Guatemala mwaka 2016, na mwaka 2025 Niger ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kupata uthibitisho huo. Mwaka 2015 Campbell na Ōmura walipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya utabibu. Nusu ya pili ilikwenda kwa Tu Youyou wa China, kwa dawa yake ya malaria.

Hata hivyo tusiwageuze wafanyabiashara kuwa mawalii. Sheria za kodi za Marekani hutoa nafuu kwa kampuni inayotoa bidhaa zake kuwa msaada. Sifa nazo zilikuja: jarida la Fortune liliitaja Merck kuwa kampuni inayoheshimiwa kuliko zote nchini Marekani kwa miaka 7 mfululizo, tangu 1987 hadi 1993. Tena mwaka ule ule wa 1987 kampuni ilikuwa imeingiza sokoni dawa mpya ya kupunguza mafuta katika damu, ambayo faida yake ilikuwa kubwa. Mwenye akiba ndiye awezaye kutoa. Lakini wenye akiba ni wengi, na wengi wao hawatoi.

KUUZA UJUZI

Uamuzi mwingine wa uongozi ule hautajwi sana, ingawa pengine una mafunzo zaidi kwa serikali. Unahusu chanjo ya homa ya ini ya aina B.

Merck ilikuwa na mtaalamu wa chanjo aliyeitwa Maurice Hilleman, ambaye katika maisha yake alishiriki kutengeneza chanjo zaidi ya 40. Mwaka 1981 ilitoka chanjo yake ya kwanza ya homa ya ini, iliyotokana na damu ya wenye virusi hivyo. Ilifaa, lakini damu ilikuwa haba na watu waliiogopa. Ndipo wanasayansi wakatumia elimu mpya ya jeni: wakaipa chembe ya hamira maagizo ya kutengeneza sehemu ndogo ya kirusi, sehemu isiyoweza kuambukiza, na hamira ikafanya kazi hiyo ndani ya matangi ya kiwanda. Chanjo hiyo iliyoidhinishwa mwaka 1986 ilikuwa ya kwanza kwa binadamu kutengenezwa kwa njia hiyo.

China wakati huo ilikuwa na mzigo mkubwa wa homa ya ini, nao mama wengi walikuwa wakiwaambukiza watoto wao wakati wa kuzaliwa. Nchi hiyo haikuweza kununua chanjo kwa bei ya Marekani kwa watoto wote waliokuwa wakizaliwa. Mwaka 1989 Merck na serikali ya China walitia saini mapatano: kwa dola milioni 7, kampuni ingeipa China ujuzi mzima wa kutengeneza chanjo hiyo, ingewafundisha wahandisi wa Kichina nchini Marekani, na isingeuza chanjo yake huko wala kudai faida. Viwanda viwili vikajengwa, kimoja Beijing na kingine Shenzhen.

Uchunguzi wa mwaka 1992 ulikuwa umeonyesha kwamba kati ya watoto wa China wa umri wa mwaka 1 hadi 4, karibu 10 katika kila 100 walikuwa na virusi hivyo. Uchunguzi wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba hawafiki hata 1 katika kila 100.

Tofauti ya mambo haya mawili inastahili kufikiriwa. Mectizan ni zawadi, na mpokeaji wa zawadi hubaki akimtegemea mtoaji. Chanjo ya China ilikuwa biashara isiyokuwa na faida kwa muuzaji, na mnunuzi akabaki na kiwanda, wahandisi na ujuzi. Jambo hilo lisingewezekana kwa ukarimu wa Vagelos peke yake. China ilikuwa imekwisha kuamua inataka nini, ilikuwa na vijana waliosoma wa kupeleka, na ilikuwa tayari kulipa. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini.

KAMPUNI ILE ILE, KOSA KUBWA

Mwaka 1994 Vagelos alistaafu, na mahali pake pakashikwa na Raymond Gilmartin, mhandisi na msomi wa mambo ya biashara aliyetoka katika kampuni nyingine. Mwaka 1999 Merck ilipata ruhusa ya kuuza dawa mpya ya maumivu ya viungo iliyoitwa Vioxx. Sifa yake ilikuwa kwamba haiumizi tumbo kama dawa nyingine za maumivu. Ilitangazwa kwa nguvu sana, na watu wapatao milioni 20 nchini Marekani waliitumia. Katika mwaka 2003 peke yake mauzo yake yalifikia kiasi cha dola bilioni 2.5.

Lakini mwaka 2000 jaribio kubwa la kampuni yenyewe lilionyesha kwamba waliotumia Vioxx walipatwa na shituko la moyo mara nyingi zaidi kuliko waliotumia dawa ya zamani iitwayo naproxen. Kampuni ikaeleza kwamba sababu si ubaya wa Vioxx, bali uzuri wa naproxen, ambayo eti huulinda moyo. Nyaraka zilizotolewa mahakamani baadaye zilionyesha kwamba mkuu wa utafiti wa kampuni, katika mwezi wa Machi mwaka ule ule, alikuwa ameandika kuwa matukio hayo ya moyo yapo dhahiri. Dawa ikaendelea kuuzwa. Tarehe 30 Septemba 2004, baada ya jaribio jingine kuthibitisha hatari hiyo, Merck iliiondoa sokoni duniani kote. Mwaka 2007 ilikubali kulipa dola bilioni 4.85 kuyamaliza maelfu ya madai ya wagonjwa na warithi wao, na mwaka 2011 ikakubali kulipa dola milioni 950 nyingine na kukiri kosa la kuitangaza dawa hiyo kwa matumizi ambayo ilikuwa haijaruhusiwa.

Ni rahisi kusema kwamba kosa lilitokea kwa sababu mhandisi wa biashara alikalia kiti cha daktari. Lakini maelezo hayo hayatoshi. Mkuu wa utafiti wa wakati huo alikuwa daktari na mwanasayansi mkubwa; alikuwapo mezani, na hatari aliiona. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuifanya habari mbaya iwe na nguvu kuliko mauzo. Katika habari ya Mectizan, hoja kwamba dawa haimuui mnyoo mzima ilisikilizwa, na hata ahadi yenyewe ikaundwa kwa kuizingatia. Katika habari ya Vioxx, hoja ya moyo ilitafutiwa maelezo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na bado, wakati mambo hayo ya aibu yakitokea, vidonge vya Mectizan viliendelea kuja. Tangu Vagelos aondoke, Merck imekwisha kuongozwa na Gilmartin, Richard Clark, Kenneth Frazier, na tangu mwaka 2021 Robert Davis. Wanne hao hawakuivunja ahadi ya 1987. Hii ni kwa sababu ilikuwa imetangazwa hadharani, haikuwa na tarehe ya kumalizika, na ilikabidhiwa kamati ambayo mkurugenzi mpya hawezi kuifuta kimyakimya.

YATUPASAYO SISI

Ndugu wananchi, na hasa nyinyi mliopewa dhamana ya kutia saini kwa niaba yetu, kutokana na habari hizi tunaweza kupata maswali ya kuiuliza kampuni yoyote ya dawa itakayobisha hodi.

Swali la kwanza: ahadi yenu ina mwisho? Kama ugonjwa unahitaji miaka 10 na mkataba ni wa miaka 3, ni nani atakayebeba miaka 7 iliyobaki? Swali la pili: ni nani atakayeamua dawa iende wapi, kampuni au wataalamu wasiokuwa na hisa ndani yake? Swali la tatu: katika uongozi wenu yumo nani aliyewahi kufanya kazi na wagonjwa wa namna yetu, na neno lake lina uzito gani? Swali la nne: ni lini mara ya mwisho kampuni yenu ilisimamisha dawa yake yenyewe kwa sababu ya matokeo mabaya, na ilichukua muda gani tangu kuyajua hadi kuyatangaza? Na la tano: mko tayari kutufundisha nini, ili baada ya muda tusiwahitaji?

Maswali haya hayana ufidhuli wowote. Kampuni yenye uongozi mzuri itafurahi kuyajibu.

Lakini haki ya kuuliza huandamana na wajibu wa kutenda. Dawa ya bure ikifika bandarini Malindi haijawa afya. Inakuwa afya pale inapofika shehiani, ikamezwa. Mgawaji wa shehia, anayepiga hodi nyumba kwa nyumba na kuwaeleza wenye wasiwasi, naye ni sehemu ya uongozi wa dawa hiyo, ingawa jina lake halimo katika karatasi nzuri za kampuni yoyote. Vilevile mbu anayeeneza matende katika visiwa vyetu huzaliana katika mashimo ya vyoo na maji machafu, na hakuna kampuni ya ng'ambo itakayokuja kuyafunika mashimo hayo. Watu wa Makunduchi wanalijua hilo. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1980, punje nyeupe nyepesi zinazoelea zilimwagwa katika mashimo ya vyoo ili mbu wasipate pa kutagia, huku wananchi wakipewa dawa ya wakati huo, na maambukizi yakashuka sana. Kazi ile ilifanywa kabla ya kidonge cha Merck kutufikia.

Na baada ya raundi za mwanzo za vidonge kumalizika, ilionekana kwamba maambukizi hayajaisha, ikabidi ugawaji urudiwe. Hiyo haikuwa aibu. Aibu ingekuwa kuyaficha matokeo ili tubaki na sifa ya kuwa mfano wa kuigwa. Walioyapima maambukizi upya na kuyatangaza walifanya lile ambalo wakubwa wa Merck walishindwa kulifanya katika mwaka 2000.

Ahadi ni deni, na deni hili lina pande mbili. Merck iliahidi kutoa mpaka haja itakapokwisha. Sisi tunadaiwa kuimaliza haja hiyo: kwa kumeza dawa inapoletwa, kwa kufunika vyoo vyetu, kwa kuwapeleka wenye mabusha hospitali wakapasuliwe badala ya kuwaficha majumbani, na kwa kuwasomesha vijana wa Unguja na Pemba sayansi ya dawa, ili katika mikutano ijayo na makampuni, upande wetu wa meza nao uwe na wanaoweza kuzisoma hesabu za maabara wenyewe.